Kijerumani cha Mwalimu Osmund

Jumatatu, 21 Agosti 1905

Baridi kali. Upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro na kuingia shuleni bila kubisha hodi, maana mlango hatuna. Lakini moyoni nina joto. Leo nimepanda cheo!

Ilikuwa hivi. Bwana Mkubwa wa boma alituita walimu, yaani mimi na Sefu. Mkalimani akatueleza kwamba Serikali imechoka na wanafunzi wanaojua Kiswahili peke yake. Sasa wafundishwe na Kijerumani. Nani kati yetu anajua lugha ya Kizungu? Sefu, mtu wa Kilwa anayejua kila kitu duniani, kuanzia nyota mpaka tafsiri ya ndoto, akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nikasema najua.

Sikudanganya. Najua Kiingereza. Nimelelewa na misheni ya Waingereza kule ziwani, ndiko nilikopewa hili jina la Osmund, na nimesoma kitabu chao kizima cha hadithi, isipokuwa kurasa zilizoliwa na mchwa. Bwana Mkubwa aliuliza lugha ya Kizungu. Kiingereza ni cha Wazungu. Kama alitaka ya Wajerumani hasa, angerudia swali.

Hakurudia. Ana haraka siku hizi.

Mpango: nafundisha Kiingereza, nakiita Kijerumani. Nani atajua? Bwana Mkubwa hana nafasi ya kukaa darasani. Sajini wake wa Kizungu amelala na homa. Askari wetu wanajua Kijerumani cha kugeuka kulia na kugeuka kushoto tu. Halafu nimesikiliza vizuri. Nyumba wao wanaita haus, sisi hausi. Asubuhi wao guten morgen, sisi gudi moningi. Ni lugha moja. Ya kwao imelala nje ikapata mafua.

Na atakayefanya vizuri, kasema Bwana Mkubwa, ndiye atakuwa Mwalimu Mkuu, atakalia kile kiti chenye mikono. Sefu amekikalia tangu nilipofika hapa masika. Asubiri.

Alhamisi, 24 Agosti

Somo la fasihi. Nimewasomea hadithi ya mzee Mwingereza (leo nimemwita Mjerumani) aliyetoka kutafuta kondoo wake kwenye theluji. Wakauliza theluji ni nini. Nikasema ni kitu cheupe kama unga, kinaanguka kutoka mawinguni mpaka kinafika magotini. Kisha Pankrasi, yule wa benchi la nyuma, akauliza: kama kwao unga unaanguka wenyewe, wamekuja kufuata nini kwetu? Nikamwambia akae. Alikuwa amekaa. Sefu, upande wa pili wa ukuta wa matete, akacheka. Nilimsikia!

Mmoja tu ananipa raha. Romanus. Mtu mzima, ana mke na mtoto, magoti yake yanapanda juu ya ubao wake wa kuandikia kama nzige. Mapadre walimbatiza na kumfundisha katekisimu kwa Kiswahili. Kijerumani chao walijiwekea wenyewe. Anameza maneno yangu kama mtu aliyeshinda na njaa.

Baada ya darasa nikamuuliza haraka hii ni ya nini. Akasema baba yake ni jumbe, mkuu wa kijiji, huko chini ya Matogoro. Mwaka jana aliitwa bomani aeleze kwa nini vijana wake hawakuja kubeba mizigo. Mzee akasema wanaumwa ndui. Mkalimani, ambaye Kingoni chake ni cha kuokoteza, akageuza kwamba vijana wamekataa. Mzee akachapwa viboko mbele ya wajukuu zake. Romanus anataka baba yake akiitwa tena, aseme yeye mwenyewe, Bwana Mkubwa asikie kinywa kwa sikio, bila mtu katikati.

Nikampa maneno kumi zaidi ya kukariri.

Jumapili, 27 Agosti

Sefu kaanza chokochoko. Kanipitia nyumbani, kanisalimu vizuri mno, kisha kasema pale Kilwa aliishi karibu na forodha na aliwasikia Wajerumani kila siku. Lugha yao inakwaruza koo, kasema. Ya darasani kwako, Mwalimu Osmund, haikwaruzi. Inateleza kama bamia.

Nikamwambia Wajerumani wa pwani wana kikohozi kwa sababu ya unyevu. Akasema alhamdulillahi, sasa ameelewa. Alivyosema hivyo nilijua hajaelewa hata kidogo.

Usingizi hauji. Mpango mpya: kukwaruza! Kila neno lianze na kohozi.

Jumatano, 30 Agosti

Siku tatu za kukwaruza. Nyumba sasa ni khausi, maji ni khwota, mkate ni khbredi. Darasa lote linasikika kama zizi la mbuzi wenye mafua. Romanus ndiye hodari. Anakwaruza mpaka machozi. Lidwina mkewe alikuja kuniomba kwa heshima kama ipo dawa ya koo, maana mumewe anafanya mazoezi nyumbani na mtoto anaogopa.

Na leo, ushindi! Bwana Mkubwa amepita mbele ya shule akiwa juu ya nyumbu wake. Darasa likasimama, likakwaruza kwa pamoja, “Khgudi khmoningi!” Bwana Mkubwa akasimamisha nyumbu. Nilikufa kidogo. Kisha akatabasamu, akajibu guten morgen, akaenda zake. Kadhani ni lafudhi yetu!

Sefu alikuwa mlangoni, kiti chake kando yake. Alifuta kiti chake kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemuaga mgeni.

Furaha yangu ingekuwa kamili, lakini mabenchi mengi yalikuwa matupu. Watu wanasema huko Umatumbi kumewaka, na Liwale boma limeanguka. Bwana Mkubwa alikuwa anaondoka na askari kwenda kutazama. Lile tabasamu alilotupa lilikuwa la mtu anayewaza mengine.

Jumamosi, 2 Septemba

Mjumbe wa dawa amefika nchi hii. Watu wanapewa maji wanywe na kujipaka, risasi zitakuwa matone ya mvua. Pankrasi kaenda. Benchi lote la nyuma limeenda. Darasa langu la Kijerumani limebaki Romanus na mbuzi wa Sefu.

Nikamuuliza Romanus kwa nini yeye hajaenda. Akasema baba yake amekataa kunywa, na amewakataza watu wake. Mzee anaamini kwamba kesi ikielezwa vizuri, mtu atasikia. “Wenzangu maji yao yako kwenye kibuyu, Mwalimu,” akasema. “Yangu unanipa wewe.”

Nikampa mazoezi ya wingi na umoja, ili aondoke.

Mimi sichezi na maisha yangu. Mpango wa pande zote: msalaba wa misheni nimeuvaa shingoni. Kwa Sefu nimeomba kombe, maandishi ya dua yaliyooshwa kwa maji, nimekunywa. Kwa Bibi Tabu, mwenye nyumba yangu, nimeomba na yale maji ya vita, nimekunywa. Bibi akanitazama sana. “Mjukuu wangu,” akasema, “wewe uko upande gani?” Nikamwambia niko upande wa kupona.

Jioni nzima niko kichakani. Maji yale ya aina mbili hayapatani tumboni.

Jumatano, 6 Septemba

Niandike tu.

Bwana Mkubwa hajarudi. Bomani ametua afisa mwingine aliyetoka upande wa ziwa na askari wake. Hamjui mtu, na hataki kumjua mtu. Jana askari wamekusanya majumbe wote, waliokunywa na wasiokunywa. Mabenchi yetu na kile kiti chenye mikono vimechukuliwa kuzibia lango. Baba yake Romanus naye ndani.

Asubuhi Romanus akaja shuleni. Amenyoa, amevaa kanzu yake safi ya kanisani. “Shikamoo, Mwalimu. Leo ndiyo siku yenyewe.”

Nikamwambia hajaiva. Nikamwambia bado hatujamaliza wakati uliopita. Akasema ya baba yake yako kwenye wakati uliopo. Nikamwambia matamshi bado. Akanikwaruzia sentensi nzima pale pale, safi kabisa. Ningeweza kumwambia neno moja tu. Nilikifungua kinywa changu. Nikamtakia heri.

Nikamfuata kwa mbali, nikajibanza nyuma ya rundo la kuni karibu na lango. Majumbe wamekaa chini uani, minyororo shingoni. Romanus akaomba ruhusa, akapewa. Akasimama wima mbele ya afisa. Akamweleza kwamba baba yake ni mtu wa amani, kwamba hakunywa dawa, kwamba aliwakataza watu wake. Kwa sauti. Bila kusita. Mzee alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama jua likichomoza.

Afisa naye alimtazama. Uso ukabadilika rangi. Akamwambia kitu mkalimani, na mkalimani akauliza: Kiingereza hiki nani kakufundisha? Waingereza wamekutuma? Bunduki walizowapa mmezificha wapi?

“Kiingereza?” akauliza Romanus.

“Ndiyo. Hicho unachosema ni Kiingereza.”

Romanus akafunga kinywa. Wakampiga kofi. Wakauliza tena nani kamfundisha. Akageuza macho, na nadhani aliniona nyuma ya kuni. Nadhani aliniona vizuri sana. Hakusema. Wakampiga tena. Hakusema. Wakamfunga mnyororo mmoja na baba yake.

Nimefika nyumbani kwa kupitia mashambani. Jambo moja lazima niliandike, kwa haki: afisa alimwelewa kila neno.

Alhamisi, 7 Septemba

Lidwina kaja shuleni, mtoto mgongoni. Nilimwona mapema. Nikajificha nyuma ya ubao.

Akasimama katikati ya darasa tupu. “Mwalimu,” akasema, “naiona miguu yako.”

Nikatoka. Nikasema nilikuwa nafuta ubao kwa nyuma. Hakucheka wala hakulia. Alisema hajaja kunilaumu. Anaomba niende bomani nikaseme kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, basi. Mtu aliyetumwa na Waingereza atauawa, lakini mwanafunzi aliyefundishwa vibaya atarudishwa nyumbani. Nikaona ana akili huyu mama. Nikamwahidi. Nikaapa kwa msalaba, ule wa shingoni.

Nikaenda. Nikafika hata langoni! Askari akauliza nataka nini. Nikatazama kile kiti cha Mwalimu Mkuu kimesimama juu ya magunia, miguu juu. Nikasema naulizia kama kuni zinatosha. Akasema zinatosha. Nikarudi.

Mpango mwingine: itangazwe kwamba Romanus ana kichaa. Mwenye kichaa huropoka lugha yoyote, haulizwi kaijulia wapi. Nikamwomba Bibi Tabu aende akaseme, maana mwanamke mzee hawatamfanya kitu. Bibi akauliza kama mimi nimezaliwa bila kinywa. Nikamweleza kwamba mimi naona mbele zaidi yake. Akazima jiko, akaniacha na ugali mbichi.

Nitakwenda kesho. Kesho asubuhi mapema. Hakika.

Ijumaa, 8 Septemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Nilichelewa kuamka. Nilikuwa macho tangu alfajiri, lakini nilichelewa kuamka. Jua limepanda, askari wawili wakanifuata nyumbani.

Kumbe Sefu kaenda! Sefu, ambaye Romanus si wa darasa lake, wala si wa dini yake. Lidwina alikwenda kwake baada ya kunisubiri mimi. Wakaenda pamoja. Sefu, kofia yake nyeupe kichwani, akasimama mbele ya yule afisa, akasema kwa Kiswahili kwamba huyu ni mwanafunzi wa shule ya Serikali yenyewe, na kama kuna kosa la lugha ni kosa la shule. Hakulitaja jina langu. Afisa ndiye aliyeuliza shule ina walimu wangapi.

Nikapelekwa mbele yake. Mkalimani akaniambia niseme kwa Kijerumani kwamba mimi ni mwalimu. Nikasema. Nilikwaruza kwa nguvu zangu zote, mpaka nikakohoa kweli. Afisa akawatazama wenzake. Wakaanza kucheka. Mmoja akafuta machozi kwa leso. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikacheka na mimi.

Viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Mbele ya watu wote. Askari mwenye kiboko alikuwa na mkono wa kutwanga.

Romanus wamemfungua. Lakini baba yake hakuwepo tena kwenye mnyororo. Walimnyonga asubuhi, yeye na majumbe wengine wawili, Sefu na Lidwina wakiwa bado njiani. Mkalimani alieleza sababu mbele ya watu, na nilimsikia hata nikiwa chini: jumbe asiye na kosa hamtumi mwanawe amtetee kwa Kiingereza.

Romanus alipewa mwili akauzike. Alimbeba yeye mwenyewe. Sefu alishika miguu.

Jumamosi, 9 Septemba

Bibi Tabu kanipaka mafuta ya nyonyo mgongoni. Nilijaribu kumweleza kwamba mpango wangu wa kichaa ungefaa. Akaondoka na mafuta.

Alasiri Romanus akaja. Nilisikia sauti yake nje akimwamkia Bibi, nikatafuta pa kujificha, lakini mtu wa hamsa ishirini hapandi darini. Akaingia. Udongo wa kaburi bado kwenye kanzu. Sina nguvu za kukimbia, nikangoja anipige. Mikono yake mikubwa.

Alichuchumaa mlangoni. Kisha akauliza:

“Yale niliyosema pale, Mwalimu. Kwa hicho Kiingereza. Niliyasema sawasawa?”

Nikamwambia ndiyo. Sawasawa kabisa. Isipokuwa sehemu moja. Aliposema baba yake aliwakataza watu wake, alitumia umoja mahali pa wingi.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa kauliza.

“Ilitakiwa nisemeje?”

Nikamwambia. Akairudia sentensi yote, taratibu, macho chini, bila kukwaruza. Safari hii haikuwa na kosa. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Nikamwambia vizuri sana. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akamuaga Bibi Tabu kwa heshima, akaenda.

Bibi anasema Lidwina alikuwa anamngoja njiani na mzigo kichwani. Wamekwenda milimani walikokwenda akina Pankrasi. Bibi anasema Romanus alikuwa amebeba mkuki wa baba yake.

Jumatatu, 18 Septemba

Leo nimekaa kitako kwa mara ya kwanza.

Moshi upande wa magharibi. Moshi upande wa kusini. Misheni ya mapadre imechomwa, vijiji vimechomwa, nani kachoma nini hakuna anayeuliza. Shule imekuwa ghala la mahindi yaliyochukuliwa mashambani. Watu wanapita nje wananusa. Sefu kaondoka na msafara wa kwenda pwani, kama kuna pwani ya kufika. Alikuja kuniaga, kaniombea afya. Nikamwambia sasa mimi ndiye Mwalimu Mkuu. Akasema hongera. Nilitafuta kejeli usoni mwake nikaikosa. Ilinikera sana.

Lakini dunia haijanisahau! Yule afisa wa viboko kaondoka na askari wake kwenda vitani. Mahali pake kaja mwingine, kijana, masikio mekundu kwa jua, hajui habari yoyote ya hapa. Leo kaniita. Miguu ilitaka kukimbia, mgongo ukakataa. Nikaenda.

Mpole huyu. Kanipa kigoda. Mkalimani wa zamani ameuawa njiani, kwa hiyo anatumia mpishi wake Mswahili kutafsiri. Kasema wafungwa ni wengi mno, wanaletwa kila siku, na yeye hataki kuwahukumu bila kuwaelewa. Anataka kujifunza Kingoni, upesi, awasikie mwenyewe, kinywa kwa sikio. Kaambiwa mimi ni mwalimu wa lugha. Je, nakijua Kingoni?

Kingoni najua kusalimia na kukataa pombe.

Lakini Kinyasa, lugha ya kwetu ziwani, ninacho! Niliondoka kijijini nikiwa mdogo, kwa hiyo ni Kinyasa cha uji na mbuzi, lakini ni changu. Na tofauti iko wapi? Vyote ni vya watu weusi, vyote vinasemwa kando ya milima hii hii. Nani atajua? Wangoni waliokimbia wamekimbia, waliobaki wako kwenye minyororo, na hao hakuna atakayewauliza kama mwalimu anafundisha vizuri.

Nikasema nakijua. Akanishika mkono kwa furaha.

Tunaanza kesho asubuhi, wafungwa wakiwepo, apate mazoezi. Ameomba tusianze na salamu, hana muda. Anataka kwanza maneno mawili: ana hatia, na hana hatia.

Nimekaa jioni yote nikikumbuka. Kwa Kinyasa nalijua moja tu, lile la kwanza. Litatosha kuanzia.